Ncha Zilizobaki Shabahani

Nyanchwa, Kisii
Jumatatu, 9 Juni 2025

Baba,

Salamu nimezitafuta leo nikazikosa, kwa hivyo naanza bila hizo.

Ndani ya bomba hili la plastiki utakuta fito nne za mishale yangu ya kaboni, zile ulizonifanyia kazi wiki iliyopita. Kwenye karatasi ya sukari kuna ncha na nati zake. Nakukumbusha kazi ya nati, labda umesahau: ni kile kipande cha aluminiamu unachokibandika kwa gundi ndani ya ufito ili ncha ipate mahali pa kufungwa. Gundi isiposhika, nati haishiki. Nati isiposhika, ncha ni mapambo.

Jana tulikuwa Nyaramba kwa mashindano ya kaunti. Mshale wangu wa kwanza ulipiga katikati, kwenye njano. Watu wakapiga makofi. Halafu ufito ukaanguka kwenye nyasi, ncha ikabaki peke yake ndani ya shabaha, imetulia kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Mwamuzi akacheka mbele ya watu: "Mama, mishale yako inavua viatu mlangoni?" Wa nne nati ililegea nusu, ufito ukapasuka, na nilipouvuta kibanzi cha kaboni kikazama kwenye kidole changu cha kati cha mkono wa kulia. Hicho ndicho kidole kinachovuta uzi wa upinde. Pale kliniki walikichimba kama wanatafuta dhahabu.

Alama zangu za Aprili bado zinanipeleka kwenye mchujo wa timu ya taifa, tarehe 6 Julai. Wanawake watachukuliwa watatu. Nina miaka thelathini na sita, kutwa nauza dawa za ng'ombe mjini na jioni ndipo napanda uwanjani na upinde wangu. Hakuna atakayeniita tena mwaka ujao. Ni hapo ama basi.

Nilikutumia neno Aprili kupitia kwa mwanao Job. Nilisema: Baba asipake mishale mafuta, kaboni si mti, na ndani ya ufito apanguse kwa spiriti kabla ya gundi. Ukafanya nini? Ukaongeza mafuta! Fito zinanuka samli mpaka paka wa jirani alinifuata uwanjani.

Na sababu naijua. Siku ya sherehe ya mjukuu wako Ronny ulisimama mbele ya wageni ukasema upinde wa nyumba yenu haujashikwa na mwanamke wala hautashikwa. Ulishindwa kunikataza kwa mdomo, ukanikataza kwa mafuta.

Chinsoni, mwiko wa heshima kati ya wakwe, inanizuia kugombana nawe. Mkaza mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hampi mkono, hampandishii sauti. Nimekubali miaka yote minane ya ndoa, na kila neno langu kwako limepita kwa Job. Lakini sijawahi kusikia kwamba kalamu nayo imekatazwa.

Esnah, mke wa mwanao


Soko la Ikonge, Nyamira
Alhamisi, 12 Juni

Mama Ronny,

Bomba lako limeletwa na Onchiri wa pikapu ya ndizi. Alilibeba begani kama bunduki akauliza tumemuua nani. Nikamwambia bado.

Nimefikiria sana kama chinsoni inasema chochote kuhusu kalamu. Haisemi. Wazee waliotunga hawakujua kuandika, na leo nimeona hilo lilikuwa kosa lao, si letu. Basi soma.

Unaniita mharibifu. Mimi, Manasseh Nyamweya, ambaye nimetengeneza baiskeli na pikipiki kwenye kibanda hiki tangu kabla mume wako hajaota meno! Nimewafungia breki watu walioniibia kuku. Kuku wangu wako tumboni mwao, na breki zilishika. Maneno ya upinde nilisema, na bado nasema. Lakini mtu anaweza kuikataa harusi na bado akaishona suruali ya bwana harusi isipasuke.

Mafuta nilifundishwa na baba yangu. Alikuwa akipaka mishale yake samli ili jua lisiipasue, na haikupasuka. Gundi nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma nyuma ya pakiti, kwa miwani ya mke wangu Gladys. Na wewe ulishukuru! Job alisimama hapa kibandani Aprili, mkono mfukoni, akasema: "Baba, Esnah anashukuru sana, mishale inang'aa." Mtu akishukuriwa afanye nini? Nikaongeza. Nyumba yangu ilikula mboga za managu bila samli mwezi mzima, Gladys ananitazama kama mwizi, ili mishale yako ing'ae. Sasa samli imekuwa sumu.

Kingine. Nilikutumia neno kwamba Ikonge ni baridi, na gundi hii ya tyubu mbili ikipata baridi inalala. Nilisema usipige mshale hata mmoja kabla ya Alhamisi, yaani leo. Wewe ukapiga Jumapili. Mtoto anayetoa keki kwenye jiko kabla haijaiva halafu anamtukana mwokaji, sisi tulikuwa tunamwita jina ambalo kwa sababu ya chinsoni siliandiki.

Kidole pole. Hilo ni la kweli. Mengine yote nimekasirika.

Manasseh Nyamweya


Nyanchwa
Jumapili, 15 Juni

Baba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Mimi sijawahi kushukuru kwa samli. Niapishe kwa chochote. Job aliporudi na mishale ya Aprili nilimwambia, na nakuandikia maneno yenyewe: "Mwambie baba yako aache kukaanga mishale yangu." Sasa niambie, hapo shukrani iko wapi?

Hilo la Alhamisi nalo silijui. Job alileta bomba Ijumaa kabla jua halijashuka, akaliweka mezani, akasema: "Baba anasema ziko tayari, kapige utuletee sifa." Nikauliza, gundi imekauka? Akasema, "Baba amesema ni kama chuma." Ronny alikuwepo, anakula ndizi, alisikia.

Kwa hivyo usiniite mtoto wa keki. Nimefanya mchezo huu miaka sita, najua gundi inavyosubiriwa kuliko ninavyojua kusubiri mume. Ningeambiwa nisubiri mpaka Alhamisi, ningeazima mishale ya mtu Nyaramba na kidole changu kingekuwa kizima. Jana nilijaribu kuvuta uzi bila mshale, kidonda kikafunguka. Nililia, si kwa maumivu. Ni hasira, haikupata pa kutokea.

Mmoja kati yetu anadanganya, Baba. Nimejikagua na si mimi.

Narudisha ufito mmoja uliobaki na nati yake ndani. Uupasue mwenyewe uone.

Esnah


Ikonge
Jumanne, 17 Juni

Mama Ronny,

Nimeupasua. Nimeubana kwenye jiliwa nikaupasua kwa msumeno wa chuma, kwa urefu, polepole, pua na mdomo nimefunga kitambaa kwa sababu vumbi lake linawasha kama pilipili.

Gundi imetoka nzima, mkononi mwangu, kama ganda la njugu. Upande wa ndani ina alama ya nati, kila mkunjo umechorwa. Upande wa nje ni laini, inateleza. Haikushika kaboni hata chembe. Kati yake na kaboni kuna utando wa samli, mwembamba, hauonekani mpaka uuguse. Na kule mwisho, mahali ilipokuwa nyingi, ukucha wangu uliingia. Haikuwa imekomaa. Kwa hivyo ilikuwa mafuta, na ilikuwa haraka. Makosa mawili yalikutana ndani ya kitundu ambacho hata siafu angeingia kwa ubavu.

Nimekaa nayo mkononi hadi chai ikapoa.

Wewe hukushukuru. Ungeshukuru ungeandika, nimeshaona unavyoandika. Na mimi sikusema ziko tayari. Gladys alikuwa amekaa hapa akichambua mboga, nimemuuliza, anakumbuka: nilisema Alhamisi, nikarudia, nikamshika Job bega. Basi kati ya mdomo wako na sikio langu kuna mtu mmoja tu, na huyo namjua tangu siku aliyozaliwa. Alikuwa mtoto ambaye ukimtuma chumvi dukani ikakosekana, anarudi na sukari ili usikasirike.

Wahenga walisema mtu hupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi tumepakwa wawili, kwa chupa moja.

Ninakuomba umuulize kwa upole. Anajibu vizuri akiulizwa kwa upole.

Manasseh Nyamweya

Chini ya barua: Naona nilikuita mtoto wa keki. Nilikosea siku. Sijasema nilikosea neno.


Kutoka nyumba yangu ya ujana, Ikonge
Ijumaa, 20 Juni

KWA: Baba
NAKALA: Esnah
KUH: Kufukuzwa kwangu

Nimeulizwa. Kwa upole hapana.

Naandika kutoka kwenye kile kijumba nilichojengewa nikiwa kijana, ambacho siku hizi ni stoo. Nimelala katikati ya majembe na magunia ya mbolea ya chai. Kesho ni Sabato na shati langu la kanisa liko Nyanchwa, nyuma ya mlango ambao umefungwa kwa komeo na kiti.

Nyinyi wawili mnanitazama kama msaliti. Hebu niwaulize, mlitaka nifanyeje? Esnah anasema, "Mwambie aache kukaanga mishale yangu." Mimi nisimame mbele ya baba yangu mzazi, kofia mkononi, nimwambie mke wangu amesema unakaanga? Baba anasema, "Mwambie huyo mwanamke avumilie, si kila kitu ni mbio." Mimi nilichukue hilo nilipeleke Nyanchwa siku mbili kabla ya mashindano, halafu nilale wapi? Nilidhani gundi ni gundi. Mimi ni karani wa mawakili, sigundishi vitu.

Na msidhani nilianza na mishale. Mwaka wa kwanza wa ndoa Baba alisema ugali wa Esnah ni lami ya barabara. Esnah alisikia, "Baba amekula akashiba." Esnah naye alisema Baba akiimba kanisani ni mbuzi aliyenaswa kwenye waya. Baba akasikia, "Ameguswa sana na wimbo," na Sabato iliyofuata akajitolea kuimba tena, beti zote. Miaka minane mmesifiana. Watu wa Ikonge wanawataja nyinyi kwenye harusi, wanasema tazameni mkwe na mkaza mwana wanavyoheshimiana. Mlidhani ni tabia zenu? Ilikuwa mimi!

Mmeanza kuambiana ukweli tarehe tisa. Leo ni tarehe ishirini na mimi nalala na mbolea.

Job Nyamweya


Nyanchwa
Jumapili, 22 Juni

Baba,

Nakala ya karani wetu nimeipata. Sitaijibu. Kwangu amekuja mara mbili na mara zote mbili alianza na "unajua mpenzi", nikafunga dirisha pia. Kama angesema "nilikosa" ningefungua. Neno hilo hana, amezoea kulibadilisha njiani.

Kitu kimoja: ni kweli ulisema ugali wangu ni lami? Usijibu. Na mimi sikusema mbuzi. Nilisema kondoo.

Sasa kazi. Nimekuwekea fito nane zilizobaki, ndizo zote nilizo nazo duniani. Mpaka mchujo hakuna muda wa kuagiza nyingine, na mafundi wa Nairobi siwajui. Wewe nakujua, angalau kwa hasira. Sikiliza kutoka kwangu, si kwa mtu.

Zote zina samli ndani, kwa hivyo anza kwa kuitoa. Funga pamba kwenye waya, lowesha spiriti, ingiza, zungusha, toa. Utaona pamba nyeusi. Rudia na pamba nyingine, rudia, mpaka itoke nyeupe vile ilivyoingia. Usikubali nyeupe ya "si mbaya". Kisha kwaruza ndani kidogo kwa msasa laini, upana wa nati tu, na nati yenyewe uikwaruze ipoteze mng'ao. Gundi hupenda mahali pabaya. Panguza tena. Baada ya hapo usiguse kwa kidole, kidole cha fundi wa pikipiki kina mafuta hata kikitoka msalani.

Changanya tyubu zote mbili sawa kwa sawa. Paka nati, iingize huku ukiizungusha, ili gundi ienee pande zote isisukumwe mbele kama matope mbele ya jembe. Futa inayobaki. Simamisha ufito ncha ikiwa chini, gundi isitiririke ndani. Halafu joto, Baba. Mahali pakavu penye joto, siku nne, na asiguse mtu.

Usipake kitu. Hata ukisikia nimeshukuru.

Kidole kinafunga. Navuta uzi kidogo kila jioni na kitambaa. Watu watatu. Nahesabu kila usiku wanawake ninaowajua nchini wanaopiga kunishinda, na wananizidi watatu.

Esnah


Ikonge
Jumatatu, 30 Juni

Mama Ronny,

Nilisema lami. Mwaka ule ilikuwa lami. Umeniambia nisijibu lakini tumekubaliana ukweli.

Kondoo nimepokea.

Kazi yako imenitukana kuliko barua yako. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi kama sufuria. Ya pili kijivu. Ya tatu nikajiambia imetosha, si mbaya, halafu nikakumbuka umeandika nini kuhusu si mbaya, nikatupa kalamu chini. Nilikuwa sijashika kalamu, nilikuwa nimeshika waya, nikautupa huo. Gladys akauliza napigana na nani. Pamba nyeupe ilipatikana na chupa ya spiriti imekwisha, na walevi wawili wa sokoni wamekuja kunusa kibanda wakidhani nimebadilisha biashara.

Shida ilikuwa joto. Wiki yote mvua, ukungu kwenye majani ya chai mpaka saa tano. Kibandani baridi. Jikoni kwa Gladys kuna joto, lakini pia kuna moshi, na darini kwake hata mahindi yanatoka na masizi. Nimeshakoma vitu vya mafuta. Mahali pakavu penye joto katika boma hili ni nyumba yenu tu, wewe na Job, ile ya mabati yenye dirisha la kioo, ambayo Gladys amemnyima Job ufunguo. Jua likitoka hata kidogo inashika joto kama chungu. Na huko mimi siwezi kutia mguu. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata ikiwaka moto anarusha maji kutoka nje.

Basi nilisimama kwenye migomba, mgongo nimeupa mlango, nikawa napiga kelele: "Ncha chini! Nimesema chini! Usiegemeze kwenye pazia!" Gladys ndani ananijibu, "Chini ya nini?" Jirani Nyamusi alitoka akasimama kwenye ua kutazama mzee anayeamrisha migomba. Job alitoka kwenye stoo yake akasema, "Baba, niingie nikusaidie kumweleza?" Tulimwambia hapana kwa sauti moja, mimi na mama yake. Sijawahi kumkasirikia hivyo mtoto aliyekuwa anataka kusaidia. Alirudi akafunga mlango.

Sabato ilizikuta fito huko ndani, gundi inafanya kazi na mimi nimepumzika. Nilimuuliza mzee wa kanisa kama hilo lina neno. Akasema gundi haijabatizwa.

Jana nimezijaribu. Nilifunga kila ufito juu ya boriti ya kibanda, ncha nikaifunga kamba, kwenye kamba nikaning'iniza mtungi wa maji wa lita ishirini, nikaenda kunywa chai. Saba zilishika. Wa nane uliachia, nilisikia mtungi ukianguka nikiwa bado nakoroga sukari. Nimeukata, ndani kuna alama ya kidole changu, mistari yote. Ulisema nisiguse. Nikagusa. Mzunguko wako unataka mishale sita, unayo saba. Nimekula wa akiba mmoja na ninajikasirikia kwa hilo mpaka leo.

Neno la upinde bado nalisema. Nawe piga.

Manasseh Nyamweya


Nyanchwa
Jumatatu, 7 Julai

Baba,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana maneno yanaegemea kama mlevi. Wa kulia umefungwa.

Ilikuwa baridi na upepo wa ubavuni. Asubuhi nilikuwa wa tano. Mchana wa nne. Wanawake wa mbele yangu walikuwa na mishale mipya inayolingana rangi, mimi nina fito zako, zina mikwaruzo ya msasa mpaka nje kama zimepigana na paka. Msichana mmoja akauliza, "Hizi ulinunua wapi?" Nikamwambia Ikonge. Akasema hajui duka hilo.

Mzunguko wa mwisho kidole kilifunguka. Nilivuta uzi na damu yangu. Mshale mmoja ulinitoka vibaya, ukaikosa shabaha, ukagonga nguzo ya mbao inayoishikilia. Alama sufuri. Hilo ni langu, si lako. Nilikasirika nusura nivunje upinde, na hasira hiyo ndiyo ilipiga miwili iliyofuata, yote kwenye njano.

Tulipoenda kuichomoa, ule wa kwenye nguzo ulikuwa umezama. Waamuzi wawili wanaume waliushika kwa koleo wakavuta, mmoja mguu juu ya nguzo. Wakaniambia, "Mama, hapa utabaki na ufito mikononi, ncha usahau." Nikawaambia wavute. Wakavuta tena. Ukatoka wote: ncha imepinda, nati mahali pake, ufito nyuma yake, kama familia inayotoka kanisani pamoja. Mwamuzi mzee aliitikisa nati kwa kucha, haikutikisika. Akaniuliza fundi ni nani.

Nimeingia, Baba. Wa tatu kati ya watatu, kwa pointi moja.

Nilirudi usiku nikakaa na bomba tupu miguuni na sikuwa na wa kumwambia. Ronny alikuwa amelala. Mtu ambaye ningemwambia yuko kwenye mbolea, na bado nina hasira naye, tena zaidi, kwa kukosekana siku hiyo.

Sitakushukuru. Mara ya mwisho shukrani zangu zilipofika Ikonge zilileta samli.

Timu imenipa fito mpya kumi na mbili, ziko ndani. Kazi ni ile ile.

Esnah


Ikonge
Alhamisi, 10 Julai

Mama Ronny,

Nimefanya zote kumi na mbili. Kwa glavu za Gladys za kupandia miche, zile safi. Zimening'inizwa mitungi, hakuna iliyoachia, ingawa gundi yake bado haijamaliza. Kwa hivyo sikia, kutoka kwangu: zikae mpaka Jumatatu kabla ya kupigwa. Jumatatu. Sisemi zimekuwa kama chuma.

Hapa sokoni wameshasikia. Watu wananiuliza kama ni kweli kuna upinde katika nyumba ya Nyamweya. Nawaambia upo na umeshikwa. Wakiuliza na nani, nawaambia walete baiskeli zao kama zina shida, la sivyo waondoke mlangoni.

Fundi ni nani, ulimjibu nini yule mwamuzi? Hukuandika. Nimeisoma barua mara nyingi nikitafuta.

La mwisho. Anayekuletea bomba hili si Onchiri. Jana jioni Job alikuja kibandani, amenyolewa, akaniomba nikuandikie kwamba amesikitika. Nikamwambia bomba limejaa. Akasema hata mstari mmoja tu, Baba, wewe anakusikiliza. Nikamwambia huo mstari utoke mdomoni mwako, maana ukipita kwangu utafika ukiwa wangu, na mimi sina cha kusikitikia. Alikasirika. Alipiga teke mtungi, akaumia, akanitolea maneno ambayo hajawahi kunitolea tangu azaliwe, na hakuna hata moja alilolainisha. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza nilijua anachofikiria.

Leo nampa bomba hili. Ukisoma haya yuko mlangoni pako, kama hajageukia njiani. Ana neno lake. Sijalisikia, sijalishika, na akirudi asiniletee jibu.

Manasseh Nyamweya

Chini ya barua: Hilo la kusubiri mpaka Jumatatu ni la mishale tu.